Mstari wa Chokaa Nyuma ya Hospitali

Wewe uliyeambiwa juzi kwamba una ugonjwa wa usingizi, kaa vizuri unisikie. Mambo ya dawa sitakueleza. Nilisoma miaka mitatu tu kwa masista, na dawa si kazi yangu. Nitakueleza namna ya kushika kibao na kupiga mpira. Usicheke. Mimi pia nilicheka, na kicheko changu kimoja bado sijamaliza kukilipia.

Wakati ule nilikuwa na mtoto mmoja, Furaha, bado anatambaa. Tulikaa mtaa wa Kabondo, katika kiwanja cha mama mkwe wangu, Bibi Zaina. Ni watu wa Maniema, watu wa swala na chai ya tangawizi. Shamba letu la mpunga lilikuwa nyuma ya uwanja wa ndege wa zamani, Simi-Simi, karibu na maji. Mimi na Bibi Zaina tulilima huko pamoja, tukala huko pamoja, na inzi wakubwa wa kule walituuma pamoja.

Usingizi ulianza kunijia mchana. Usiku macho wazi, mchana kichwa kinaanguka. Nilisinzia nikipeta mchele. Nilisinzia nimesimama kwenye foleni ya chumvi. Kisha mikono ikaanza kutetemeka, kwanza wa kuume, halafu yote miwili. Bibi Zaina alinivuta shingo akaninusa mdomo.

"Unakunywa lotoko," akasema. Lotoko ni pombe kali ya kwetu, na katika nyumba ile hata chupa yake haikuwahi kupita mlangoni.

"Mama, hata tone moja, hapana."

"Basi ni nini? Mutu mukubwa analala na ungo mukononi?"

Nikaficha. Nilijifinya mapaja, nilitafuna pilipili, nilijimwagia maji ya baridi kichwani. Wewe usifanye hivyo. Kuficha kunakula siku, na siku zile ndizo utakazozitafuta baadaye.

Asubuhi moja nilikuwa namwogesha Furaha katika beseni. Nakumbuka sabuni. Kingine sikumbuki. Nilipofumbua macho, Bibi Zaina alikuwa amemshika mtoto miguu juu, kichwa chini, anampiga mgongoni, na maji yanamtoka puani. Mtoto akalia. Mpaka leo sikai peke yangu na beseni lenye maji. Wajukuu wangu wote wameogeshwa na mama zao, nami nikiwa nje.

Bibi Zaina hakunipigia kelele. Ingekuwa heri angepiga. Alimfunga Furaha mgongoni kwa kitenge chake mwenyewe, akamwambia mwanawe, "Peleka muke wako hospitali."

Benchi la kungojea pale hospitali lilikuwa la saruji, limeng'aa kwa makalio ya watu. Tulikaa siku mbili kabla ya jina langu kuitwa. Ukingojea sana unaanza kuwajua watu kwa miguu yao. Wengine walilala wameketi, mate yanawatoka, na ndugu zao wanawafukuzia nzi. Nikasema moyoni, wale ni wagonjwa. Nilikuwa sijajiona.

Walinikunja kama mtoto aliye tumboni, wakanichoma mgongoni kutoa maji ya uti. Kisha nikaambiwa: sindano za mafungu matatu. Kila fungu siku kadhaa, halafu wiki mbili tatu za kupumzika, halafu fungu lingine. Sindano yenyewe ilikuwa ya kioo, maana dawa ile ilikula plastiki. Fikiria kinachokula plastiki kikiingia katika mshipa wako. Mkono uliwaka mpaka begani. Baadaye miguu nayo ikawaka chini, nikawa natembea kama mtu anayekanyaga makaa. Uso wangu ulivimba, nikajitazama katika kifuniko cha sufuria nikafunika sufuria haraka.

Jumapili ya kwanza mume wangu alikuja na baiskeli, ameleta wali na pondu, mboga ya majani ya muhogo. Akakaa, akatazama ukuta.

"Mama anasema," akaanza.

"Sema."

"Anasema siku utabeba chai, kikombe imejaa mpaka mudomo, kutoka jikoni mpaka kwenye mukeka yake, bila kumwanga hata tone, siku hiyo utapewa mutoto."

"Na wewe unasema nini?"

Akakuna goti. "Mimi? Mimi nasema… pondu iko na chumvi ya kutosha?"

Nilimrushia kifuniko. Mkono ulitetemeka vibaya hata kifuniko kikampiga jirani yangu wa kitanda. Jirani akaketi, akakiokota, akakichungulia huku na huku.

"Ndeko," aliniambia, na neno hilo kwa Lingala ni ndugu, "kama unatupa hivyo, bwana yako atafika uzee bila jeraha."

Ndivyo nilivyomjua Bosalia. Alikuwa wa wavuvi wa maporomoko, wale wanaotega mitego yao mikubwa katikati ya mawe na maji yanayonguruma. Mikono yake ilikuwa mipana kama ya mwanamume. Naye alikuwa na ugonjwa ule ule, na fungu lake la sindano lilikwenda sambamba na langu, siku moja kwa siku moja.

Infirmier wetu, yaani muuguzi, aliitwa Papa Lotika. Kabla ya uhuru aliokota mipira ya tenisi ya Wazungu, na mazoezi yao yote aliyasoma kwa macho akiwa ameinama. Nyuma ya hospitali palibaki kiwanja chao cha saruji, nyasi zimepenya nyufa. Jumamosi za salongo, kazi ya lazima kwa wananchi wote, aliwaomba ndugu wa wagonjwa wazikate zile nyasi badala ya zile za barabarani. Seremala wa hospitali alichonga vibao vinne, ukubwa wa sahani, vyenye mpini mfupi. Mipira ilikuwa ya zamani, imenyonyoka manyoya yote. Bosalia akamwambia mumewe alete wavu mbovu, akaufunga yeye mwenyewe kwenye nguzo mbili za chuma, urefu wa kiuno.

"Mukono inayotetemeka," Papa Lotika alisema, "ukiiacha ilale, italala moja kwa moja. Simameni, bamama."

Sasa sikiliza namna ya kufanya.

Kwanza kabisa, shika kibao kwa mkono mmoja. Mimi nilikishika kwa miwili, kama mtwangio, nikapiga mpira kutoka juu kama natwanga pondu. Mpira ulikwenda ukagonga dirisha la jikoni. Mama mgonjwa aliyetoka Isangi akapiga hivyo hivyo, na mwingine wa Opala hivyo hivyo. Papa Lotika akashika kiuno.

"Hapa hakuna mutu anatwanga! Mama Furaha, kwenu wanapeta mchele, ao hapana? Onyesha mukono unavyofanya."

Nikapeta hewa.

"Bon. Ni hiyo. Kiwiko karibu na mwili, kiganja kinainua kutoka chini. Mupira si adui yako."

Zoezi la kwanza: weka mpira juu ya kibao, simama tu. Mpira utazunguka, utaanguka, nawe utauokota. Mimi siku ya kwanza nilifika hesabu ya nne. Ukiweza kusimama hesabu ya hamsini, anza kutembea. Fuata mstari wa kiwanja kona hadi kona, macho mbele, si kwenye mpira. Nililifanya hili zoezi kuliko wote, na sababu unaijua. Kila nilipotembea, mbele yangu niliuona mkeka wa Bibi Zaina.

Zoezi la pili ni ukuta. Simama hatua sita mbali na ukuta wa chumba cha kufulia, piga mpira kwa chini, uache udunde mara moja, piga tena. Ukipata kumi, sogea hatua moja. Kadiri unavyokaribia, piga polepole zaidi. Watu wengi wakikaribia wanaogopa, wanapiga kwa nguvu. Kupiga kwa nguvu kunawezekana hata kwa mkono mgonjwa. Kupiga polepole ndiko kunaonyesha mkono umepona kiasi gani.

La tatu ni la watu wawili. Wiki ile mtu mkubwa wa serikali alitangazwa atapita, kila jiwe la barabara ya Makiso likapakwa chokaa. Hakupita. Nusu ndoo ya chokaa ikabaki, na Papa Lotika akachora nayo mstari kila upande wa wavu, hatua tatu kutoka kwenye wavu. Mpira uuangushie humo, kati ya mstari na wavu, kwa upole, na mwenzako vivyo hivyo. Unanyoosha mkono, mguu hauvuki chokaa.

"Hii ni mayi," Bosalia akasema, akionyesha ile saruji kavu. "Ukiingia, mto unakubeba."

Tangu hapo sote tuliita pale mayi, yaani maji. Ukivuka mstari, mwenzako anapiga kelele, "Umeingia mayi!" na pointi ni yake.

Bosalia ndiye aliyenifundisha kungoja. Mimi nilikuwa naufuata mpira, naurukia, nausukuma. Yeye alijiweka pale kama mtego wao, anatulia, mpira unakuja wenyewe. Miguu yake ilikwenda hatua fupi fupi za upande, kama anavuka mawe yenye utelezi. "Usiutafute," aliniambia. "Fungua mulango tu." Tukajiwekea hesabu: mara mia moja huku na huku, bila mpira kuanguka pembeni. Siku hiyo, tukasema, ndiyo siku tumepona.

Fungu la kwanza la sindano tulifika kumi na nane. Wiki za kupumzika, thelathini na tano. Fungu la pili nilitapika kila kitu, na Bosalia alipokuwa na nguvu kunizidi alinikuna mgongo kwa kibao chake, maana ngozi yangu iliwasha mpaka nikalia. Alipodhoofika yeye, nilimlisha chikwange, mkate wa muhogo, kwa vidole. Mvua kubwa zikaisha, wauza mbinzo wakaanza kupita na mabeseni yao ya viwavi, nasi tukafika sitini na mbili.

Mume wangu aliendelea kuja Jumapili. Hakumleta Furaha hata mara moja. "Mama anasema, mutoto asione." Nilimuuliza kama mtoto anatembea. Akasema anatembea. Nikamuuliza anasema neno gani. Akasema, "Anamwita bibi yake mama." Siku ile nilipiga ukuta mpaka Papa Lotika akaninyang'anya kibao.

Fungu la tatu, baada ya sindano ya pili, tulitoka alasiri. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa mto. Tukaanza. Mpira ulikwenda vizuri kuliko siku zote, tok, tok, tok, wagonjwa wengine wakasimama kutuhesabia. Themanini na tano, themanini na sita, themanini na saba. Nikamwekea mpira mfupi, laini. Bosalia akaufuata, akavuka chokaa, akasimama. Mpira ukampita. Hakuutazama. Alikuwa anatazama miguu yake.

"Umeingia mayi!" nikapiga kelele. "Pointi yangu!"

Akasema polepole, "Mayi iko baridi."

Nikacheka. Wote tukacheka, lakini mimi nilianza. Nikasema, "Toka basi, usije ukanywa." Akainua mguu mmoja juu sana, kama mtu anayetoka majini kweli, kisha mwingine. Tukaacha mchezo kwa sababu ya mvua. Kumwita Papa Lotika hakukunijia. Nilikuwa nafikiria pointi yangu, na kwamba kesho tutafika mia.

Kabla mvua haijakatika Bosalia alianguka karibu na kitanda, mwili ukimkakamaa. Walimbeba. Asubuhi godoro lake lilikuwa limekunjwa mara mbili, kamba ikiwa katikati.

Papa Lotika alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu. Alikuwa hajanyoa ndevu.

"Jana kwenye mchezo," akaniuliza, "hakukuonyesha kitu?"

"Hapana," nikasema.

Nimesema uongo mwingi maishani, wa sokoni, wa ndoa. Huo ndio peke yake uliobaki na sauti. Sijui kama wangemwokoa. Sikuuliza wakati ule, na baadaye niliogopa jibu, liwe ndiyo au liwe hapana. Papa Lotika amekwisha kufa. Leo nalisema, ili wewe ujue: mwenzako wa kitanda akisema neno lisilo na maana, miguu baridi wakati wa joto, mtu ambaye hayupo, acha mchezo. Kimbia. Ita.

Mume wa Bosalia alikuja kuchukua vitu vyake. Nikamwambia wavu ni wake, aufungue. Akalishika fundo moja, akaliachia.

"Yeye ndiye alifunga," akasema. "Mimi siwezi kufungua."

Nilimaliza fungu la tatu. Watu wengine walitaka kucheza nami, nikakataa. Mama wa Opala alipokwenda kusimama upande ule wa wavu, nilimfukuza kwa maneno ambayo nayaonea haya. Nikabaki na ukuta. Ukuta unarudisha mpira kila mara, hauchoki, haukukuni mgongo. Nikatembea mstari na mpira juu ya kibao. Siku moja nilizunguka kiwanja chote mara mbili bila mpira kuanguka, na sikumwambia mtu.

Waliponiruhusu, mvua ndogo zilikuwa zimerudi. Niliambiwa nirudi kila miezi sita wanichome mgongo tena, miaka miwili. Wewe pia utaambiwa. Rudi, hata kama unajiona mzima.

Sikungoja mume wangu. Nilitembea mpaka Kabondo, kitenge kichwani, miguu bado ikiwaka kidogo. Bibi Zaina alikuwa kwenye mkeka wake barazani, Furaha kati ya magoti yake. Mtoto alinitazama kama anavyotazamwa muuza samaki.

"Umefika," Bibi Zaina akasema.

"Nimefika, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Chai iko jikoni."

Niliingia jikoni, nikamimina mpaka ikapanda juu ya mdomo wa kikombe ikatetemeka bila kumwagika. Nikaweka kisahani chini yake. Kiwiko karibu na mwili. Macho mbele. Jiko lilikuwa mwisho wa kiwanja, na kati yake na baraza palikuwa na mfereji, mizizi, kuku, na kizingiti. Mume wangu alikuwa amerudi, akasimama na baiskeli getini, hakuthubutu kuitia ndani. Nilivuka mfereji kwa hatua fupi za upande. Nilivuka kizingiti. Nikapiga goti, nikanyoosha mkono.

Kisahani kilikuwa kikavu.

Bibi Zaina akakitazama muda mrefu. Kisha akapokea.

Na kikombe kikaanza kulia juu ya kisahani. Chai ikamwagika kidoleni mwake, ikamwagika kwenye mkeka, mtoto akavuta mguu. Bibi Zaina akaweka kikombe chini haraka, akauficha mkono chini ya kitenge. Niliwahi kuuficha wangu vile vile. Nikamtazama uso. Ulikuwa umevimba chini ya macho. Kwenye mdomo wake nzi alikuwa ametua, naye hakumfukuza.

"Chukua mutoto wako," akasema. "Umeshinda."

Neno lilikuwa tayari kooni mwangu. Pointi yangu. Nililisikia kwa sauti ile ile ya alasiri ile, na wagonjwa wakicheka nyuma yangu. Miezi yote nilikuwa nimelingoja. Nilimchukua Furaha, akalia akimnyooshea Bibi Zaina mikono, nami sikuondoka.

"Mama," nikasema, "unalala mchana tangu lini?"

"Ni uzee."

"Tangu lini?"

"Nimekwambia ni uzee! Weye unatoka hospitali sasa hivi, tayari uko munganga?"

"Basi beba hiki kikombe, urudishe jikoni. Ukifika bila tone, ni uzee, nitafunga kinywa."

Mume wangu getini akasema, "Eh, eh, Mama Furaha, usiongee na mama hivyo," na Bibi Zaina akamwambia anyamaze. Alisimama. Alikuwa mwanamke wa kiburi, sikatai. Akakishika kikombe, akafika kwenye kizingiti. Hapo akasimama, amesahau anakwenda wapi, chai ikimchirizika mpaka kiwikoni. Nikampokea kikombe. Nikafuta mkono wake kwa kitenge changu, naye akaniachia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ni nani alikuwa anamwogesha Furaha?" nikauliza.

Akasema kwa sauti ndogo, "Juzi nilimwita jirani aniogeshee. Niliogopa."

Siku ile ile tulikwenda, yeye nyuma ya baiskeli ya mwanawe, mimi kwa miguu na mtoto mgongoni. Tulikaa benchi lile la saruji. Nilimfukuzia nzi.

Baada ya sindano yake ya kwanza, alipoweza kusimama, nilimpeleka nyuma. Wavu ulikuwa bado umefungwa, mafundo yale yale. Chokaa ilikuwa imefifia lakini ukiinama unaiona. Nikampa kibao. Akakishika kwa mikono miwili, akakiinua juu ya kichwa.

"Mama, hapa hakuna mutu anatwanga."

"Sasa nitashika namna gani?"

Nikamwonyesha. Kisha nikamwambia aende asimame upande wa pili. Mguu wangu ulitaka kwenda kumzuia. Nikauacha palepale. Alisimama mahali pa Bosalia, nyuma ya mstari, akipepesa macho kwa jua.

"Ukisikia miguu baridi," nikamwambia, "sema. Ukiona kitu kigeni, sema. Hata tukiwa katikati ya mchezo."

"Na weye utafanya nini?"

"Nitaacha mupira uanguke."

Akainua kibao. Furaha alikuwa amelala mgongoni mwangu, usingizi wa mtoto mzima, naisikia pumzi yake shingoni. Nikapiga kwa chini, polepole, na mpira ukavuka wavu.

"Moja," nikasema.